Kichwa nguvu, ao masikio?

Siku ya proklamasio, yaani ya kutangazwa matokeo ya mwaka, mwanzoni mwa Julai, mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, hujaa watoto walioshika buletini, karatasi ya alama zao. Wengine wanakimbia. Wengine wanashuka polepole, maana wanajua kinachowangoja nyumbani. Chini ya buletini limeandikwa neno moja: amepita, au arudilie mwaka. Kwa watoto wengi wa Bukavu, hilo ndilo neno pekee ambalo shule itawahi kutoa kuhusu namna wanavyojifunza. Anayerudilia atarudi Septemba kwenye benchi lilelile, kusikia maneno yaleyale ambayo hakuyasikia mwaka uliopita. Na kuna watoto ambao kwao “hakuyasikia” si namna ya kusema tu, kwa sababu sikio lilikuwa linatoka usaha.

Nasema hivi nikikumbuka nilichofanya mwenyewe. Niliwahi kufundisha mwaka wa pili wa primeri katika shule moja ya hapa mjini, darasa la watoto zaidi ya 70, wanne wanne kwenye benchi. Nyuma, karibu na dirisha, alikaa mvulana mmoja. Nikimwangalia usoni na kumuuliza, alijibu. Nikigeuka kuandika ubaoni huku naendelea kusema, alianza kuchora kwenye kaye (daftari), kumchokoza mwenzake, kucheka. Kwenye imla nilisema “pata”, akaandika “bata”. Kwenye buletini yake ya kipindi cha kwanza nikaandika maneno mawili ambayo kila mwalimu wa hapa anayajua: kichwa nguvu, yaani mkaidi. Aliyempeleka kituo cha afya ni shangazi yake, na wala si kwa ajili ya masomo. Ni kwa sababu mto aliolalia ulikuwa unanuka. Mtoto alikuwa akisoma midomo yangu. Kila nilipompa mgongo, nilikuwa nimemzimia redio.

Kumpima mtoto anayeshukiwa kuwa na ulemavu wa kuona, kusikia, kuelewa, kutulia au kusema, watu wengi wanakuwaza kama mtihani mmoja: mtaalamu anakaa na mtoto chumbani, anatoka na jina la ugonjwa. Kazi yenyewe inafanana zaidi na kuchekecha unga wa bugali. Kwanza unachekecha wote. Yanayobaki juu ya chekecheke si lazima yawe mawe. Mengine ni unga ulioshikamana, ukiuvunja kwa vidole unapita. Hatua hiyo ya kwanza, ambayo hapa tunaiita depistaji, inafanywa na mwalimu au muuguzi, kwa watoto wote, kwa haraka. Haitoi jina la ugonjwa. Inasema tu: huyu aangaliwe zaidi. Tathmini kamili huja baadaye, kwa wachache, na inahitaji watu wenye ujuzi. Madhara mengi hutokea pale mtu anapoona kilichobaki kwenye chekecheke na kutangaza palepale kwamba ni jiwe.

Ni wangapi wa kuangaliwa? Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa watoto karibu milioni 240 duniani wana ulemavu, yaani mtoto 1 kati ya 10. Kwa darasa kama langu hao ni saba. Hesabu hiyo inahusisha pia wasiwasi mkubwa na huzuni ya kudumu, mambo ambayo kwetu hakuna anayeyaita ulemavu, kwa hiyo usitafute saba wenye magongo.

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo rahisi. Ubao wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku unabandikwa ukutani, mtoto anasimama mita 6. Asiyejua kusoma anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Jicho moja, kisha la pili. Lile lisilopimwa linafunikwa na kiganja bila kulikandamiza. Akishindwa mstari ambao macho mazima huuona hata kutoka mita 12, apelekwe hospitali yenye huduma ya macho. Kazi ya dakika tatu. Mtoto mwenyewe hatakuambia kitu, kwa sababu hajawahi kuona kwa macho ya mwingine. Anadhani ubao ni ukungu kwa wote. Utamjua kwa kunakili kwenye kaye la jirani, kwa kufinya jicho, kwa kuinuka bila ruhusa kusogea mbele, jambo linalomletea adhabu.

Masikio ni magumu zaidi kwa sababu yanadanganya. Maji au usaha nyuma ya ngoma ya sikio huja na kwenda pamoja na mafua, hivyo mtoto leo anasikia, wiki ijayo hasikii, na mwalimu anahitimisha kuwa ni kiburi: “Akitaka anasikiaka vizuri.” Kipimo kizuri ni mashine inayotoa sauti nyembamba na nene kwa nguvu mbalimbali kwenye headphone, mahali palipotulia. Sikio zima hupata sauti za desibeli 20. Pasipo mashine, kaa nyuma ya mtoto, mwombe azibe sikio moja, umnong'oneze maneno anayoyajua (chumvi, mbuzi, kiatu) ayarudie. Lazima uwe nyuma. Ukiwa mbele unapima macho yake, kama nilivyofanya mimi miezi kadhaa bila kujua. Na mama aulizwe kuhusu dawa: sindano kama gentamisini na streptomisini zimeokoa watoto wengi, lakini zinaweza kuacha masikio yameharibika kabisa, na homa ya uti wa mgongo vilevile.

Macho na masikio yakiwa mazima, wengi wanarukia akili. Hapo katikati kuna lugha, na kwetu lugha ni msitu.

Mtoto wa Bagira anaweza kusema Mashi na bibi yake, Kiswahili na watoto wa mtaani, kisha akakuta Kifaransa shuleni. Katika shule nyingi za kibinafsi mjini Kifaransa kinaingia tangu siku ya kwanza. Kwingine kinaingia kidogo kidogo baada ya miaka ya mwanzo ya Kiswahili. Mtoto akikaa kimya mbele ya swali la Kifaransa, umepima nini? Pengine umepima Kifaransa tu. Kanuni inayokubalika kila mahali ambako kazi hii inafanywa kwa uangalifu ni kwamba mtoto apimwe kwa lugha anayoimudu zaidi. Tatizo la kweli la lugha litajionyesha katika lugha zote anazozisikia, hata ile ya bibi. Mtoto anayemsimulia bibi kwa Mashi jinsi mbuzi alivyovunja ua, mwanzo mpaka mwisho, hana ugonjwa wa kusema. Ana mwaka mmoja wa Kifaransa.

Kwa kusoma, Kiswahili kinatupa kipimo ambacho watu wa lugha nyingine wangetuonea wivu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa: ukijua ka, la na mu, unayo “kalamu”. Kifaransa kina eau, haut, au na os kwa wingi wake, na yote yanaishia kinywani kama “o” tupu. Kwa hiyo mtoto anayesoma Kiswahili bila shida na kukwama kwenye Kifaransa, mtafutie mafunzo ya Kifaransa kwanza. Yule anayenitia wasiwasi ni mwenye miaka miwili ya masomo ya kweli, anayehudhuria, anayesikia na kuona, na bado anahangaika kuunganisha “ma” na “ma”. Au yule anayepatia, lakini kwa mwendo wa konokono, silabi kwa silabi, huku wenzake wameshafika mwisho wa ukurasa. Ugumu wa kusoma ambao wataalamu wanauita disleksia hujificha hivyo katika lugha zinazoandikwa wazi. Makosa yanakuwa machache. Kinachomtambulisha mtoto ni polepole yake, na mwalimu anayesahihisha makosa tu hatamwona.

Kisha historia ya mtoto, na hapa mama anajua kuliko daktari yeyote. Alilia alipozaliwa? Alitembea lini ukilinganisha na ndugu zake? Aliwahi kushikwa na degedege? Alilazwa kwa malaria iliyopanda kichwani? Utafiti uliofanywa Kampala kwa watoto waliopona malaria ya ubongo ulikuta kuwa miaka 2 baadaye takriban 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuzingatia. Utapiamlo nao una mkono mrefu. Lwiro, kaskazini ya Bukavu, watafiti waliwafuatilia watu wazima waliowahi kutibiwa huko utotoni kwa utapiamlo mkali, wakakuta bado wako nyuma ya majirani wa rika lao katika baadhi ya vipimo vya akili na katika masomo. Kisiwa cha Idjwi, tunachokiona kutoka ziwani, kimechunguzwa tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya goita na ukosefu wa iodini. Mama akikosa iodini sana wakati wa mimba, ubongo wa mtoto ndio unaolipa. Kwa hiyo chumvi ya nyumbani nayo ni swali la tathmini.

Kuna maradhi moja ambayo mwalimu anaweza kuyaona kabla ya mganga: kifafa kisichoangusha. Mtoto anakatika katikati ya neno, macho yametulia hewani, kope zinapepesa, sekunde tano au kumi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kutokea mara nyingi kwa siku. Ukimwita wakati huo hageuki, hata ukimgusa. Mwenye kuwaza mchezo wa mpira anageuka ukimgusa. Kifafa cha namna hiyo kina dawa. Nimesikia watoto wa namna hii wakiitwa wachawi na kupelekwa kwenye chumba cha maombi kufungwa njaa; sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi, na anayetaka kuomba anaweza kuomba huku mtoto anameza dawa.

Na wasiotulia? Neno la wataalamu kwa mtoto asiyeweza kuzingatia wala kukaa, ADHD, lina masharti ambayo watu huyaruka: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana zaidi ya mahali pamoja, kwa mfano shuleni na nyumbani pia. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, uchunguzi uanze na mwalimu huyo. Na kwa mji ambao mapigano yaliufikia Februari 2025, mtoto anayeruka mlango ukibamizwa, asiyelala, anayesahau alichoambiwa sasa hivi, anaweza kuwa na hofu inayofanana kabisa na kutotulia. Mwulize mama: alikuwa hivi kabla? Jibu la swali hilo dogo linatenganisha njia mbili za matibabu zisizokutana.

Maswali ya kumuuliza mzazi yamekwisha kutungwa vizuri. Mwaka 2016 UNICEF na kikundi cha wataalamu wa takwimu kinachoitwa Washington Group walitoa orodha ya maswali kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 17. Ujanja wake uko katika neno ambalo halimo. Ukimuuliza mama wa Cimpunda, “Mutoto wako ni kilema?”, atakuambia hapana, Mungu apishe mbali, na mazungumzo yamekwisha. Orodha inauliza: ukimlinganisha na watoto wa umri wake, anapata ugumu kujifunza mambo? Kukumbuka? Kueleweka na watu wasio wa nyumbani? Kupata marafiki? Jibu lina ngazi nne: hakuna ugumu, ugumu kidogo, ugumu mwingi, hawezi kabisa. Orodha hii ilitungwa kwa ajili ya kuhesabu watu katika nchi, kwa hiyo usiitumie kutoa hukumu juu ya mtoto mmoja. Kama chekecheke, inatosha sana.

Nyongeza yangu kwenye orodha hiyo ni kumtuma mtoto. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia kuanzia miaka ya 1960, aliwauliza watu wazima wa kijiji cha Wachewa ni mtoto yupi wangemchagua kwa kazi fulani na kwa nini, akagundua kuwa neno lao la akili, nzelu, linachukua ndani yake kuaminika na kuwajibika. Bibi zetu hawangeshangaa. Mtoto anayepewa pesa akanunue sambaza na chumvi, akapatana bei, akarudisha chenji kamili, kichwa chake kinafanya hesabu. Kinachokataa ni hesabu ya kwenye karatasi, na hapo tafuta macho, lugha, au mwalimu. Anayepotea njiani kila mara, anayesahau alichotumwa, ambaye hata mdogo wake anamwongoza, huyo ugumu wake uko kila mahali, na anahitaji tathmini kamili mapema.

Vipimo vya akili vyenye namba vinasifiwa kupita kiasi. Vilianza Paris mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walipotafuta namna ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Lengo lilikuwa zuri. Lakini namba ya mtoto inapatikana kwa kumlinganisha na watoto wengine, na swali ni wapi waliishi hao wengine. Ukimlinganisha mtoto wa Panzi ambaye hajawahi kushika vipande vya picha vya kuunganisha na watoto waliolelewa navyo, tofauti utakayoipata ina hadithi ya duka la vitu vya kuchezea ndani yake. Mtaalamu mzuri anavitumia, anatazama mtoto anavyokosea, na hakupi namba bila maelezo. Akikupa namba tupu, mwombe maelezo.

Sheria tunazo. Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Bure hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019, na madarasa yakafurika. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe ya kulinda watu wanaoishi na ulemavu. Marekani, ambako sheria ya namna hii kwa shule ni ya mwaka 1975, mzazi akiomba na kutia sahihi ya kukubali, kwa kawaida shule ina siku 60 kumaliza tathmini bila malipo, na hairuhusiwi kutegemea kipimo kimoja tu. Hapa hakuna anayewasha saa hiyo. Mzazi ndiye anayetembea: kituo cha afya cha mtaa kwanza, kisha hospitali, Heri Kwetu, ambayo mji mzima unaijua kwa kuhudumia wenye ulemavu, SOSAME kwa kifafa na mambo ya akili. Kila safari ni pesa ya usafiri na siku moja bila kuuza sokoni.

Kwa sababu hiyo, kazi ya mwalimu kabla ya safari ina uzito. Asiandike “mvivu”. Aandike kilichotokea, na tarehe: Jumanne, imla, makosa 7 kwa maneno 10. Alhamisi, amekaa mbele, makosa 3. Mistari hiyo miwili tayari ni tathmini, kwani imebadilisha kitu kimoja na kuona kinachofuata. Daktari akiisoma anajua pa kuanzia. Wiki mbili za kaye namna hiyo, pamoja na buletini za zamani, karatasi ya chanjo na ya kupimwa kilo, na majina ya dawa alizowahi kupewa, zinamwokolea mama safari ya pili.

Linabaki neno la kumwambia mzazi, na wengi tunaliharibu kwa kumwita mbele ya wenzake au kwa kumtumia mtoto na kikaratasi. Niliyeshuhudia akifanya vizuri ni direktere mmoja mzee, mkuu wa shule. Alimpa mama kiti kwanza, akamuuliza habari za nyumbani.

“Mama, tuko na shida, tunaomba utusaidie.”

“Mwalimu, munataka kusema mutoto wangu hana akili?”

“Hapana, Mama. Mimi naona hivi: nikigeukia tablo, hasikie tena. Nyumbani ni vile vile?”

Mama alinyamaza kidogo. “Redio anaitiaka nguvu sana. Nilizani ni kiburi.”

Hakuna jina la ugonjwa lililotajwa. Mama alitoka na barua ya kwenda kituo cha afya, na mtoto akahamishwa benchi siku ileile, kwa sababu kumweka mbele hakuhitaji cheti cha daktari. Wala kumrudilia maelezo kwa Kiswahili, kumwandikia herufi kubwa, kumpa dakika kumi zaidi za mtihani. Majibu ya hospitali yakija yataongeza lunete (miwani), dawa, au mafunzo ya pekee, na baada ya mwaka au miwili atapimwa tena, maana mtoto anakua na ugumu wake unabadilika naye. Wachache watahitaji shule ya pekee. Wengi watabaki palepale darasani.

Yule mvulana wangu wa dirishani, sikio lake lilikauka mwezi Machi baada ya wiki kadhaa za matone na kusafishwa. Nilimweka benchi la kwanza, nikajifunza kufunga mdomo ninapoandika ubaoni. Imla za Mei alizifanya vizuri. Alirudilia mwaka hata hivyo, kwa kuwa buletini ya Julai inajumlisha vipindi vyote, na alama za Oktoba zilikuwa bado zimo.